Maswali ya Wasomaji: Kigogo Amefungwa, Mbona Genge Bado Lipo?

Kila mara tunasikia kigogo wa dawa za kulevya amenaswa. Watu wanashangilia, halafu baada ya miezi michache mauaji yanazidi ya mwanzo. Serikali hukosea wapi?

Kumkamata si kosa. Kosa ni kudhani kwamba yeye ndiye genge. Kazi kubwa ya kigogo si kuua, ni kuamua: nani auze wapi, nani alipwe kiasi gani, nani asiguswe. Makubaliano hayo yote ni ya mdomo na mdhamini wake ni yeye. Akitoweka ghafla, kila mmoja anadai fungu lake kwa bunduki. Ismael Zambada wa genge la Sinaloa, Mexico, alitiwa mbaroni nchini Marekani tarehe 25 Julai 2024. Kufika Septemba, watu wake na wale wa wana wa Joaquín Guzmán, kigogo mwenzake wa genge hilo, walikuwa wakipigana mjini Culiacán, na wazazi hawathubutu kupeleka watoto shule. Kolombia nayo ilimuua Pablo Escobar, kigogo wa kokeini, tarehe 2 Desemba 1993, lakini kokeini haikuadimika. Genge pinzani la Cali lilikuwa limeshajipanga.

Upelelezi wa maana hungoja hadi uwe na ushahidi dhidi ya safu ya pili na ya tatu: mhasibu, msafirishaji, ofisa wa forodha anayelipwa afumbe macho, wakili anayepeleka ujumbe. Hao ni wagumu kupatikana kuliko wapiga risasi. Italia ilifika huko kwa kubadili sheria kwanza. Mwaka 1982 kifungu cha 416-bis kilifanya uanachama wa mafia kuwa kosa lenyewe, bila kulazimu kuthibitisha kwamba mshtakiwa alimuua fulani. Ndipo kesi kubwa ya Palermo, kisiwani Sicilia, ikawezekana. Ilianza 10 Februari 1986 ikiwa na washtakiwa wapatao 475, na Desemba 1987 zaidi ya 330 walitiwa hatiani. Mahakama ya juu ilithibitisha hukumu hizo Januari 1992. Kisasi hakikukawia: Mei mwaka huohuo aliuawa hakimu Giovanni Falcone, na Julai mwenzake Paolo Borsellino. Hata hivyo Cosa Nostra, yaani mafia ya Sicilia, haikurudia nguvu zake za awali. Faida ilikwenda kwa 'Ndrangheta, mafia ya Calabria kusini mwa Italia, ambayo vikundi vyake vimejengwa juu ya undugu wa damu, na si rahisi mtu kumtaja baba yake mahakamani.

Wataalamu husema "fuateni fedha". Kwa vitendo, zinafuatwaje?

Kazi huanza kwa mtu, si kwa noti. Wapelelezi huchora jedwali la miaka kadhaa. Upande mmoja huandikwa kipato alichotangaza mtuhumiwa kwa mamlaka ya kodi, pamoja na cha mkewe, watoto na ndugu wa karibu. Upande wa pili huwekwa kila kilichonunuliwa au kulipiwa: viwanja, magari, hisa, karo, safari, hata vifaa vya ujenzi. Pengo kati ya pande hizo mbili ndilo kesi. Al Capone, kigogo wa genge la Chicago, Marekani, hakufungwa kwa mauaji. Mwaka 1931 alihukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi, na silaha ya waendesha mashtaka ilikuwa vitabu vya hesabu.

Sheria ya Italia ya 1982 ilikwenda mbali zaidi. Mahakama inaweza kutaifisha mali ya mtu anayeshukiwa kuwa wa mafia akishindwa kueleza ilikotoka, hata kama hajatiwa hatiani kwa jinai. Ni chombo kikali, na kinahitaji majaji wasionunulika. Kwenye nchi ambayo jaji anaogopa simu kutoka ikulu, sheria hiyohiyo itageuka fimbo ya kuwachapia wapinzani.

Benki nazo huacha nyayo. Marekani, muamala wa fedha taslimu unaozidi dola 10,000 lazima uripotiwe. Kwa hiyo watu hugawa: 9,500 leo, 9,000 kesho kwenye tawi jingine. Wanasahau kwamba kugawa kwa nia ya kukwepa taarifa ni kosa peke yake, na mfululizo wa namna hiyo humvutia mchambuzi kuliko amana moja kubwa.

Sehemu inayoharibika zaidi ni baada ya kushinda kesi. Kampuni ya genge ilikuwa ikipata faida kwa sababu haikulipa kodi, haikuhitaji mkopo wa benki na washindani wake walitishwa. Ikishawekwa chini ya msimamizi wa serikali, gharama zinapanda siku ya kwanza, wateja wanakimbia, wafanyakazi wanakosa mishahara, na mtaani watu wanaanza kusema afadhali wale. Nyumba nayo ikikaa tupu miaka mitano mahakama ikibishana, huvunjwa milango na kuporwa. Sheria ya Italia namba 109 ya 1996 ilijaribu kuziba ufa huo kwa kuruhusu mali zilizotaifishwa kupewa serikali za mitaa, vyama vya ushirika na mashirika ya kijamii. Pale penye mtu wa kuzisimamia mapema, imefanya kazi vizuri.

Vijana wawili wamekuja dukani kwangu wakidai "mchango wa ulinzi" kila mwezi. Nilipe, nikatae, au nifunge?

Usilipe kimyakimya, na usikatae hadharani ukiwa peke yako. Kiasi cha kwanza huwa kidogo makusudi, maana wanapima kama unalipika. Ukilipa bila neno, jina lako linaingia kwenye orodha na kiwango kinapanda. Wakija, jibu la kununua muda linatosha: huna fedha mkononi, unahitaji kushauriana na mshirika wako. Usiwatukane na usiahidi tarehe.

Wakiondoka tu, andika. Saa, tarehe, walivyovaa, walikuja na nini, na maneno yao kama walivyoyatamka. "Tutakuangalia" na "tutakuchomea" hayana uzito mmoja mbele ya hakimu, na ukiyasimulia kwa lugha yako mwenyewe wakili wa upande wa pili atayabomoa. Ujumbe wa simu usiufute hata kama unakutia hofu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, kisha tunza simu yenyewe, kwa sababu ndiyo kielelezo cha asili. Kama una kamera, nakili video siku hiyohiyo. Mashine nyingi hufuta za zamani zenyewe diski ikijaa, na inaweza kuwa ndani ya siku chache. Angalia pia saa ya mashine. Ikiwa imechelewa dakika 20, andika tofauti hiyo, la sivyo itasemwa video ni ya tukio jingine. Barua ya vitisho ishike kwa ncha zake tu, uitie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu alama za vidole.

Kama unashuku kituo cha polisi cha karibu kina masikio ya genge, nenda kitengo cha uhalifu wa kupangwa au ofisi ya mwendesha mashtaka. Kabla ya kutia saini, uliza maswali mawili: nani atasoma maelezo yangu, na jina langu litafika lini kwa mawakili wa washtakiwa? Ofisa anayekwepa maswali hayo, mkwepe na wewe. Mtego wa noti ambazo namba zake zimenakiliwa ni kazi ya polisi, usiutege mwenyewe.

Kisha tafuta wenzako, kwa sababu karibu kila mara jirani naye anadaiwa. Januari 1991 mwenye kiwanda mmoja wa Palermo, Libero Grassi, aliandika gazetini barua ya wazi kwa waliokuwa wakimtoza. Wenzake wengi walimwacha. Aliuawa Agosti 29 mwaka huo. Wafanyabiashara wa mji wa Capo d'Orlando, Sicilia hiyohiyo, walikuwa wameunda chama chao mwishoni mwa 1990, wakatoa ushahidi kwa pamoja, na watoza fedha wakafungwa. Genge linaweza kuchoma duka moja. Kuchoma mtaa mzima wa mashahidi kunaleta askari wengi kuliko faida.

El Salvador imewajaza watu wa magenge magerezani na mauaji yameporomoka. Kwa nini nchi nyingine zisiige?

Matokeo ni ya kweli. Mwaka 2015 watu zaidi ya 6,000 waliuawa. Mwaka 2024 serikali ilihesabu 114. Hali ya hatari iliyotangazwa Machi 2022 iliongeza muda wa kushikiliwa bila kufikishwa kwa hakimu kutoka saa 72 hadi siku 15, na waliokamatwa wamepita 80,000. Bei yake nayo ni ya kweli: maelfu waliachiwa baada ya kuonekana hawahusiki, na wengine wamefia rumande.

Lakini tazama aina ya genge. MS-13 na Barrio 18, magenge makubwa ya El Salvador, waliishi kwa kutoza mitaa yao wenyewe, walijulikana kwa sura, na hawakuwa na fedha za kushindana na dola. Ekuado ilitangaza vita vya ndani dhidi ya makundi 22 Januari 2024 na kupeleka jeshi magerezani. Mauaji yalishuka kidogo mwaka huo, yakapanda tena 2025. Huko genge linakula kutokana na kokeini inayopita bandari ya Guayaquil kwenda Ulaya, na askari hawezi kuikamata bandari yenye maofisa walionunuliwa.

Mitambo ya kuzuia simu gerezani inasaidia?

Kidogo. Husumbua simu za majirani, na mtandao ukibadilika mtambo unapitwa. Simu nyingi huingia kwa mlango mkuu, kwa hiyo wakaguliwe walinzi na mawakili pia, na zamu zibadilishwe bila taarifa. Kisha angalia nani anagawa magodoro. PCC, genge la Brazil, ilizaliwa gerezani Taubaté mwaka 1993, na Mei 2006, viongozi wake walipohamishwa gereza, ilishambulia vituo vya polisi kote jimboni São Paulo. Mfungwa mpya anayepata pa kulala, sabuni na usalama kutoka kwa genge atatoka nje akiwa na deni kwao.