Jibu: Rangi yenye ukungu kwenye sura ya mzee mvuvi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini rangi unayopaka kwenye sura ya mzee mvuvi ndani ya ZBrush (programu ya kuchonga na kupaka rangi maumbo ya 3D kwenye kompyuta) inatoka na ukungu, tena na wekundu usioutaka. Nimeitazama picha yako kwa makini. Brashi haina kosa.

Kila pointi ya umbo hubeba rangi moja tu, na umbo lako lina pointi laki 2. Linganisha na picha ya kawaida ya rangi ya 2048 kwa 2048: ina pikseli zaidi ya milioni 4, ndiyo maana rangi yako inaonekana na ukungu. Ligawe umbo (Divide) ili pointi ziongezeke zikaribie idadi hiyo, ndipo uchore mikunjo ya macho.

Wekundu ni wa Red Wax, ile materia (mwonekano wa uso wa umbo) inayokuja na programu. Weka materia ya SkinShade4, zima Zadd (inayoinua umbo), washa Rgb (inayopaka rangi), shusha nguvu ya rangi hadi 15 hivi.

Sasa ngozi, na hapa nakuomba usiharakishe. Ngozi yetu si kahawia moja. Nenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, saa mbili asubuhi uwaangalie wavuvi: paji la uso limepokea samawati ya anga, masikio na ncha ya pua vina joto la damu, mdomo wa chini una waridi, kidevuni kuna kijivu cha ndevu zilizonyolewa jana. Paka tabaka hizo nyepesi, moja juu ya nyingine. Kisha tumia Mask By Cavity (inayofunika sehemu za umbo kwa kufuata mabonde yake, zisipakwe rangi), mifereji ya mikunjo ibaki wazi (ikija kinyume, igeuze), uipake kahawia iliyokolea. Nyeusi tupu usiiguse, inaua uso.

Ukimaliza tuwekee picha tena, ya mbele na ya ubavuni.