Umeacha vyakula vingi kwa mpigo? Panga hivi

Dada, pole. Unasema chai ya maziwa na chapati zinakujaza gesi, na sasa umeacha maziwa, ngano, maharage na vitunguu, hujui upike nini.

Kama hujapimwa siliaki, yaani ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, rudia ngano kwanza. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, nazo hupungua ukiacha ngano, kwa hiyo majibu yanaweza kudanganya. Muulize daktari ule kwa muda gani kabla ya kupima.

Kisha acha vyakula hivyo wiki mbili hadi sita, basi. Wali, ugali wa mahindi, viazi, ndizi za kupika, mayai, samaki na mchicha vinatosha. Kinachowashinda wengi ni kitunguu. Sukari zake zinazoleta gesi huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta: kaanga vipande vikubwa hadi vinukie, vitoe vyote, ndipo utie nyanya. Ukitia nyanya kabla ya kuvitoa umechelewa, sukari zimeshaingia kwenye mchuzi. Viungo vya pakiti navyo mara nyingi vina unga wa kitunguu, soma nyuma.

Kurudisha ni kimoja kimoja. Maziwa: siku ya kwanza robo kikombe, ya pili nusu, ya tatu kikombe kizima, halafu pumzika siku tatu ukiandika tumbo linavyokwenda. Usianze na chapati iliyokandwa kwa maziwa, hutajua mkosaji. Wengi wenye shida ya laktosi, yaani sukari ya maziwa, huvumilia kikombe kimoja pamoja na chakula.

Kama uliwahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi, usijaribu nyumbani. Hiyo ni mzio, nenda hospitali.