Ganja & Hess na Blood Couple ni filamu moja

Si filamu mbili, ni moja. Mwongozaji Bill Gunn aliitoa Ganja & Hess mwaka 1973 kwa bajeti ndogo, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo. Wenye fedha walitaka mnyonya damu wa kuwauzia Wamarekani weusi tiketi. Wakaletewa hadithi ya Dk. Hess, msomi tajiri anayetamani damu kama mraibu, na mapenzi yake na Ganja, mke wa msaidizi wake aliyejiua. Ndipo wakaikatakata, wakapunguza kama nusu saa na kuiita Blood Couple. Gunn aliikana.

Tafuteni ile kamili, iliyorejeshwa kutokana na nakala iliyohifadhiwa jumba la sanaa la MoMA, New York. Angalieni Hess anavyopiga magoti bafuni na kulamba damu ya msaidizi wake sakafuni, bila muziki wa kutisha wala meno ya bandia. Halafu kanisa, nyimbo za injili, na msalaba ambao kivuli chake ndicho kinachommaliza Hess. Ganja yeye anachagua kuendelea kuishi, na kwangu huo uamuzi wake ndio kiini cha filamu nzima.

Ile ya mwongozaji Spike Lee ya 2014 ni nyingine, aliitengeneza upya hadithi hii.