Sarafu za Shaba za Kirumi: Anza na Mgongo

Nina sarafu ndogo, inakaribia ukucha wa kidole gumba. Sura imefutika, lakini nyuma naona watu wawili na kitu kama mti katikati. Ni ya nani?

Huo si mti, ni bendera ya jeshi, na hao ni askari. Pembeni pameandikwa, au palikuwa pameandikwa, GLORIA EXERCITVS, "utukufu wa jeshi" (V husomwa U). Kabla hujahangaika na sura, hesabu bendera. Zikiwa mbili, ni ya mwaka 330 hadi 335 BK hivi, enzi za Constantine, mtawala mkuu wa Roma. Ikiwa moja, ilitoka baada ya sarafu kupunguzwa uzito mnamo 335, na iliendelea hadi 341 hivi, wanawe wakitawala. Hapo umeshamwondoa Crispus, mwanawe wa kwanza, aliyeuawa 326 kwa amri ya baba yake.

Waliobaki wana majina ya kumchanganya mtu: CONSTANTINVS ni baba na pia mwana, halafu CONSTANTIVS, halafu CONSTANS. Zitazame herufi moja moja. CONSTANTIVS nimemsoma vibaya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ukiona NOB C, huyo ni Kaisari, yaani mrithi, si mtawala mkuu. MAX AVG, yaani maximus augustus, mtawala mkuu kabisa, mara nyingi ni baba mwenyewe.

Chini ya mstari kuna SMANB. Ni jina la mfalme?

Hapana, ni anwani ya mahali ilipotengenezwa. SM ni sacra moneta, sarafu takatifu, yaani ya mtawala. AN ni Antiochia, leo Antakya nchini Uturuki. B ni karakana ya pili, kwa hesabu ya Kigiriki.

Nyingine ni kubwa na nzito, ina S C tu.

Senatus consulto, "kwa azimio la Seneti". Hiyo ni ya zamani zaidi, ya karne tatu za mwanzo. Kama ina rangi ya manjano-manjano, huenda ni sestertius, ya shaba iliyochanganywa na zinki. Nne zilikuwa denari moja, sarafu ya fedha.

Yangu inatoa unga wa kijani mbichi. Niisugue kwa ndimu?

Ndimu iache jikoni! Asidi huila shaba pamoja na maandishi. Unga huo hutokana na kloridi iliyomo ndani ikikutana na unyevu. Iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani maji safi yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke, uyabadilishe mara kwa mara kwa wiki kadhaa, uikaushe kabisa, kisha uitunze kwenye kopo lenye vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.