Usimwagie maji puti tupu

Juzi asubuhi nimefika gereji nikamkuta saidia fundi wangu, kijana mwenye mkono mwepesi kuliko niliokuwa nao mimi umri wake, anasugua puti tupu, yaani ule ujiuji mgumu wa kujazia mabonde ya bati, bado haujafunikwa kwa rangi yoyote, kwa msasa wa maji kwenye madigadi ya Peugeot 504. Ndoo iko pembeni, maji yanachuruzika mpaka kwenye tairi. Nilimnyang'anya ile ndoo kabla hata ya salamu, akanuna hadi saa sita. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wote mnaoanza kazi ya kufufua magari ya zamani hapa Dar. Nawapenda sana vijana wangu, lakini jambo hilohilo nitalisema mpaka lini?

1. Kununua. Gari la zamani halinunuliwi usiku kwa mwanga wa tochi, maana tochi inapenda kila rangi. Nenda mchana na sumaku ndogo uliyoiviringishia kitambaa. Isiponata, hapo chini kuna puti nene. Inua zulia, bonyeza sakafu kwa bisibisi, chungulia kingo za chini ya milango na pale shokapu za mbele zinaposhika bodi. Injini isikutishe. Peugeot 504 ndilo gari ambalo dereva Ove Andersson wa Sweden alishindia Safari Rally mwaka 1975, na mafundi wa kuishusha na kuifunga bado wapo. Bati lililooza ndilo linalomaliza pesa. Namba ya chesisi isome kwenye gari lenyewe, ilingane na kadi, kabla hujatoa hata kishika uchumba.

2. Kutu haifunikwi. Kata, chomelea bati jipya.

3. Puti. Hapa nisikilizeni vizuri.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea 504 yake aliyoinunua akiwa kijana. Alitaka irudi kwenye nyeupe yake ya zamani, kwa sababu binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa na yeye ndiye atakayempeleka kanisani. Ilikuwa masika. Nilikuwa na magari matatu uwanjani na haraka kichwani. Puti ilikuwa ngumu, msasa mkavu unaziba kwa vumbi kila dakika, nikaona nitumie maji, msasa udumu na kazi iende. Nikasugua mpaka mkono ukiteleza juu yake husikii kitu. Nikafuta kwa kitambaa, nikaona pakavu, jioni ileile nikapiga praima, rangi ya kwanza ya chini.

Pakavu pale ni juu tu. Puti ina unga wa talki ndani yake, inakunywa maji kama sponji. Ukishaifunga kwa praima, rangi na klia, ile ya juu ya kung'arisha, maji hayana pa kutokea. Bati linaanza kutu kimyakimya, na jua la Dar likipiga, unyevu unatafuta njia ya juu.

Mzee alipokuja kuchukua gari alilizunguka mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, umenirudisha ujanani." Wiki saba baadaye, imebaki wiki moja ya harusi, akarudi akiendesha taratibu. Akashuka, akasema, "Fundi, gari limeota ndui."

Madigadi zote mbili zilikuwa na malengelenge, madogo kama punje za mtama, yamejipanga palepale nilipopaka puti. Nilitoboa moja kwa ncha ya msumari. Likatoka tone la maji, na chini yake bati limeshakuwa kahawia. Msaidizi wangu alininong'oneza tuyasugue haya ya juu, tupulize tena, harusi ipite. Nilimwambia mzee ukweli: nimekosea mimi, na lazima nibandue mpaka kwenye bati. Nilibandua yote kwa gharama yangu, lakini kwa mvua ile Jumamosi ya harusi gari lilikuwa bado na praima. Binti alikwenda kanisani kwa gari la kuazima. Mzee hakunigombeza hata neno moja. Angenigombeza, labda ningelala usiku ule.

Kwa hiyo puti inasuguliwa kavu: msasa namba 80, kisha 180, umevaa barakoa. Maji yanaingia kazini baada ya praima ya hadina, ile unayoichanganya na dawa ya kuigandisha, kukauka sawasawa, hapo sugua kwa 600 upendavyo.

4. Rangi. Mwaga maji ya tangi la kompresa kila asubuhi. Mvua ikinyesha, bunduki ya kupulizia ipumzike. Hadina ya rangi za 2K, zile za kuchanganya vitu viwili, inaua mapafu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Tafuta barakoa yenye kichujio cha kemikali. Mteja akitaka rangi yake ya kipekee, mpigie kwanza kwenye kipande cha bati, mkaitazame juani pamoja. Mmoja alichagua zambarau chini ya taa ya gereji, na alipoliona gari lake nje alikaa chini kwenye tairi.

Yule kijana wangu jana nimemkuta anasugua kavu, nyusi zote nyeupe, redio iko juu. Ile madigadi ya kushoto tumeibandua mpaka kwenye bati, imeoshwa kwa thina. Praima ni Jumamosi, jua likiwaka.