Saini si makabidhiano: kwa mnaoanza kuandika habari za majenerali wanaoondolewa

Kila mara rais au waziri mkuu anapomwondoa mkuu wa majeshi, kichwa cha habari hutoka kabla waraka haujasomwa: "Afukuzwa jeshini." Dakika chache baadaye mwingine anaandika "Ang'olewa", wa tatu anatangaza kwamba jeshi linasafishwa. Wadogo zangu wa dawati la ulinzi, mna kasi ambayo waliowatangulia hawakuwa nayo, na waraka unawafikia kwenye simu ukiwa bado wa moto. Basi usomeni! Kwa kawaida ni mistari michache tu, na makosa mengi yaliyomo kwenye rasimu zenu yamekwisha kujibiwa humo ndani.

1. Wadhifa, cheo na utumishi

Ni vitu vitatu, na kila kimoja kina utaratibu wake wa kukipoteza. Wadhifa ni kiti: Mkuu wa Majeshi, Mnadhimu Mkuu, kamanda wa nchi kavu. Cheo ni kile kilicho begani. Utumishi ni ile kamisheni inayomfanya awe afisa chini ya sheria ya jeshi. "Uteuzi umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine" kunagusa wadhifa peke yake. "Amestaafishwa" kunamaliza wadhifa na utumishi, lakini cheo anaondoka nacho. "Amevuliwa cheo" ni jambo zito la aina nyingine kabisa, na mara nyingi nyuma yake kuna mahakama ya kijeshi.

Tarehe 4 Oktoba 2022 Rais Museveni alimwondoa Muhoozi Kainerugaba kwenye ukamanda wa jeshi la nchi kavu la Uganda, baada ya maandishi yake mtandaoni kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi ndani ya wiki mbili. Siku hiyohiyo alipandishwa kutoka Luteni Jenerali kuwa Jenerali kamili. Aliyeandika "ashushwa" alikosea. Aliyeandika "apandishwa" bila kutaja kiti kilichopotea naye alikosea. Habari ilikuwa vyote viwili kwa pamoja, na Machi 2024 mtu huyohuyo aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi.

Rais Truman wa Marekani alipomwondoa Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa akiongoza vita vya Korea, tarehe 11 Aprili 1951, alimvua kamandi nne kwa mpigo. Nyota tano, yaani cheo chake, hazikuguswa; MacArthur alibaki nazo hadi alipofariki 1964.

Tarehe 30 Agosti 2023, siku ambayo wanajeshi wa Gabon walimpindua Ali Bongo, Rwanda ilitangaza kustaafu kwa majenerali 12, akiwemo James Kabarebe, aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi. Mtandaoni ikageuka hadithi ya rais aliyeingiwa na hofu. Tangazo lenyewe lilikuwa na maafisa wa ngazi za chini na askari waliomaliza mikataba, yaani lilikuwa orodha ya wastaafu wa vyeo vyote, na kabla ya mwezi mmoja kupita Kabarebe aliteuliwa waziri wa nchi. Ukikutana na orodha ya wastaafu, ishuke mpaka mwisho. Ikiwa ina vyeo vya kila ngazi, usiipe jina la kisasi kabla hujapata ushahidi mwingine.

2. Kifungu kwanza, sababu baadaye

Kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya simu ya kwanza: nani ana mamlaka ya kuondoa, kwa ushauri wa nani, kwa saini ngapi, na je, njia ya kuondoa ndiyo njia ya kuteua? Hilo la mwisho ndilo mnalolisahau.

Marekani ni mfano mzuri. Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ana kipindi cha miaka minne, lakini sheria inasema anakaa kwa ridhaa ya Rais. Ndiyo maana Charles Q. Brown aliondolewa tarehe 21 Februari 2025 akiwa hajafikisha miezi 17, na hakuna kura ya bunge iliyohitajika. Mrithi wake, Dan Caine, alikuwa na safari ndefu zaidi. Sheria inataka mteule awe amewahi kuwa makamu mwenyekiti, mkuu wa tawi la jeshi au kamanda wa kamandi kuu ya kivita. Caine hakuwa amepita popote kati ya hapo, kwa hiyo Rais alitumia ruhusa ya kuondoa sharti hilo, kisha Seneti ikamthibitisha kwa kura 60 dhidi ya 25 tarehe 11 Aprili. Katikati hapo makamu, Admirali Christopher Grady, alikaimu. Aliyeandika kwamba "Seneti yaridhia kuondolewa kwa Brown" alichanganya milango miwili. Kura ile ilimhusu anayeingia.

Na hukohuko, kumwondoa jenerali kwenye kiti na kumfukuza jeshini ni vitu viwili. Afisa mwenye kamisheni hafukuzwi utumishi kwa amri ya Rais isipokuwa wakati wa vita. Vinginevyo panahitajika hukumu ya mahakama ya kijeshi. Nyota ya tatu na ya nne (Luteni Jenerali na Jenerali) nazo zimefungwa kwenye kiti: anayeondoka bila kiti kingine ana siku 60, baada ya hapo anarudi kwenye nyota mbili au anastaafu. Kwa hiyo mkimwona amestaafu haraka, msiandike "kwa hasira" kama hamjamsikia akisema hivyo.

Armenia ni somo la saini mbili. Februari 2021 Mkuu wa Majeshi, Onik Gasparyan, na wenzake walitoa tamko la kumtaka Waziri Mkuu Nikol Pashinyan ajiuzulu. Pashinyan akapeleka pendekezo la kumwondoa Gasparyan kwa Rais Armen Sarkissian. Rais akalirudisha na pingamizi. Likapelekwa tena. Safari hii Rais hakusaini, wala hakulipeleka pendekezo lenyewe Mahakama ya Katiba ndani ya muda uliowekwa, na tarehe 10 Machi serikali ikasema uondoaji umeanza kutumika kwa nguvu ya sheria. Gasparyan akaenda mahakamani. Hapo "Rais amfuta kazi" ni uongo, na "Rais akataa" nao umeishia katikati ya habari.

3. Saini si makabidhiano

Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu linarudiwa na watu wazuri, na madhara yake hayaishii kwenye kusahihisha aya. Amri inasomwa redioni saa moja asubuhi, saa mbili mmeshaandika "aliyekuwa Mkuu wa Majeshi". Mmemaliza mgogoro kabla haujaanza.

Angalieni yanayotakiwa kutokea kati ya kalamu na kambi. Hati inasainiwa na kupewa tarehe ya kuanza kutumika. Pale sheria inapotaka, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Mhusika anaarifiwa. Mrithi anavishwa cheo kinacholingana na kiti, na kama kiapo kipo, anaapa. Ofisi inakabidhiwa kwa maandishi. Kisha mrithi anatuma amri yake ya kwanza, na makamanda wa vikosi wanaijibu. Hatua hiyo ya mwisho haina picha, haina tangazo, nanyi hamwezi kuialika kamera. Lakini ndiyo inayoonyesha nani anaongoza jeshi, kwa sababu mkuu wa majeshi hana askari wake binafsi; ana makamanda wanaopokea simu yake au wasioipokea.

Chukueni Lesotho. Tarehe 29 Agosti 2014 Waziri Mkuu Thomas Thabane alimwondoa mkuu wa jeshi, Luteni Jenerali Tlali Kamoli, na kumteua Maaparankoe Mahao, aliyepandishwa kutoka brigedia. Karatasi ilikuwepo. Kamoli hakukabidhi. Alfajiri ya tarehe 30 wanajeshi walivamia makao makuu ya polisi Maseru, polisi mmoja akauawa, na Thabane akawa amekimbilia Afrika Kusini. Kwa wiki kadhaa nchi ilikuwa na mkuu wa jeshi wa kwenye hati na mkuu wa jeshi wa kwenye kambi. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kupitia Cyril Ramaphosa, wakati huo Naibu Rais wa Afrika Kusini, ilipata makubaliano Oktoba mwaka huo: Kamoli, Mahao na Kamishna wa Polisi wote wakapelekwa nje ya nchi kwa likizo ili uchaguzi ufanyike.

Uchaguzi wa Februari 2015 ukaleta serikali ya Pakalitha Mosisili, na hapo ndipo wengi walipopotea. Serikali mpya ilifuta uteuzi wa Mahao, ikamrudisha kwenye cheo cha brigedia, na kumrejesha Kamoli kwenye kiti. Waandishi waliokwisha kumwita Kamoli "mkuu wa zamani" walijikuta wakiandika "amerejea", kana kwamba aliwahi kukabidhi. Waliomwita Mahao "mkuu wa jeshi" bila neno la ziada hawakuwa na namna ya kueleza jinsi afisa wa nyota tatu alivyogeuka brigedia kwa tangazo. Tarehe 25 Juni 2015 Mahao aliuawa na wanajeshi nje kidogo ya Maseru. Tume ya SADC chini ya Jaji Mpaphi Phumaphi ilichunguza na kupendekeza Kamoli aondolewe; aliondoka rasmi Desemba 2016. Kuanzia saini ya kwanza hadi kiti kuachwa kweli ni zaidi ya miaka miwili, na katikati kuna kaburi. Kwa familia ya mtu kama huyo, swali la nani alikuwa kamanda halali siku fulani halikuwa suala la mtindo wa uandishi. Kwa hiyo andikeni kwa uangalifu, tafadhali.

Mauritania ilichukua saa chache tu. Tarehe 6 Agosti 2008 Rais Sidi Ould Cheikh Abdallahi alitoa amri ya kuwaondoa wakuu kadhaa wa vyombo vya ulinzi kwa mara moja, akiwemo Mohamed Ould Abdel Aziz, mkuu wa kikosi cha walinzi wa Rais. Asubuhi hiyohiyo walinzi walewale wakamkamata Rais, na amri yake ikafutwa. Hapo kuna makosa mawili ya kitaalamu: kuwaondoa wengi pamoja kunawapa sababu moja ya kuungana, na kumwondoa anayelinda mlango wako kabla hujapata mlinzi mwingine ni kubaki bila mlango.

Pakistan, tarehe 12 Oktoba 1999, inaonyesha kosa la tatu: mrithi asiye na vikosi. Waziri Mkuu Nawaz Sharif alimstaafisha mkuu wa jeshi, Pervez Musharraf, akiwa angani, anarudi kutoka Colombo, akamtangaza Ziauddin Butt, mkuu wa idara ya ujasusi. Televisheni ikatangaza. Ndege ikazuiwa kutua Karachi. Lakini makamanda wa Rawalpindi, yalipo makao makuu ya jeshi, hawakumpokea Ziauddin. Brigedi ya 111 ikachukua kituo cha televisheni na makazi ya Waziri Mkuu, na usiku ule serikali ikawa imeanguka.

Kwa hiyo kwenye saa za mwanzo andikeni "Rais ametangaza kumwondoa", "ameteuliwa", "ametajwa". Wekeni "aliyekuwa" pale mmeona kiapo au makabidhiano. Na mkitaka kujua upepo unaelekea wapi, ulizeni habari za walinzi wa rais, kikosi kilicho karibu na mji mkuu, ghala la silaha, uwanja wa ndege na kituo cha utangazaji cha taifa, kwa mpangilio huo.

4. Vidogo vya haraka

Kagua namba, tarehe, saini na jina kamili la kisheria la wadhifa. Waraka wa kughushi mara nyingi hukosea jina la wadhifa.

Kukaimu si kuteuliwa.

Brigedia wa mfumo wa Kiingereza kwa kawaida hahesabiwi kuwa jenerali. *Général de corps d'armée* wa mfumo wa Kifaransa analingana na Luteni Jenerali.

Kanusho lina tarehe. Tarehe 29 Januari 2024 wizara ya ulinzi ya Ukraine ilikanusha kwamba Mkuu wa Majeshi, Valerii Zaluzhnyi, ameondolewa, na siku ile hakuwa ameondolewa. Tarehe 8 Februari aliondolewa. Aliyeandika "wizara ilidanganya" hakuwa na ushahidi. Aliyeandika "uvumi umezimwa" naye alijifunga mikono.

"Amejiuzulu" kunahitaji kukubaliwa. Jenerali David Tinyefuza wa Uganda aliandika barua ya kuacha jeshi mwaka 1996, akashinda Mahakama ya Katiba, kisha Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi. Barua peke yake haikumtoa.

5. Sababu

Kuna sababu iliyotangazwa, tukio la mwisho, na mlolongo. Mnapenda la kati kwa sababu lina tarehe nzuri. Kwa MacArthur, tukio la mwisho ni barua yake iliyosomwa bungeni na Joseph Martin, kiongozi wa wabunge wa Republican, tarehe 5 Aprili 1951. Mlolongo unaanza mapema: agizo la Desemba 1950 la kutaka kauli za hadharani zipitishwe Washington kwanza, kisha tamko lake la tarehe 24 Machi kwa Wachina, lililovuruga mpango wa Truman wa kutafuta mazungumzo. Hakushtakiwa kwa kosa lolote la kijeshi. Seneti iliendesha vikao virefu Mei na Juni, na wakuu wa majeshi wenyewe wakaeleza kwa nini waliunga mkono aondolewe. Mahojiano ya aina hiyo ndiyo mgodi wenu. Somo la sababu husomwa hapo zaidi kuliko kwenye hotuba ya siku ya kwanza.

Kama hamna ushahidi wa sababu, andikeni "siku sita baada ya", na muache "kwa sababu ya" hadi mpate mtu au hati ya kusimamia.

6. Rudini baadaye

Godefroid Niyombare aliondolewa kwenye ukuu wa ujasusi wa Burundi Februari 2015, miezi michache tu baada ya kuteuliwa, kufuatia ushauri wake dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Habari ikafa. Tarehe 13 Mei alitangaza mapinduzi Rais Nkurunziza akiwa Dar es Salaam, nayo yakashindwa ndani ya siku mbili. Sudan Kusini, Mkuu wa Majeshi Paul Malong aliondolewa tarehe 9 Mei 2017, akaondoka Juba usiku uleule na msafara, akarudishwa, akazuiliwa nyumbani, na mwaka uliofuata alikuwa na kundi lake la waasi.

Weka kwenye kalenda siku ya 30, ya 60 na ya 90. Siku hizo uliza yuko wapi, ana walinzi wangapi na wa kikosi gani, kesi yake imefikia hatua gani kama ameenda mahakamani, na maafisa gani aliowateua yeye bado wapo kwenye viti vyao.