ULIZA MWALIMU WA MUZIKI: Kinanda au fimbo, nishike kipi?

Kamwene wasomaji. Mwezi huu barua zimekuja nyingi, nimechukua tatu tu, na ya kwanza imenichukua nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe yalishanikuta.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23 niko Mwanjelwa hapa Mbeya, napiga kinanda kanisani tangu niko fomu tuu, sasa mwaka huu mwalimu wetu wa kwaya kahama wakanipa mimi niongoze. Shida ndo hiyo, nikisimama kuongoza kinanda hakina mtu, nikikaa kwenye kinanda kwaya inapotea, besi wanakokota soprano wanakimbia. Viongozi wananiambia chagua moja, mshika mbili moja humponyoka. Ila juzi nimeona video ya mzee wa kizungu kakaa kwenye piano kawapa watu mgongo, anapiga afu akipata upenyo anarusha mikono orkestra nzima inamfuata. Hivi hiyo ni kazi kweli mtu analipwa au mbwembwe tu? Na mtu wa Mbeya anaweza kufika huko? (Mpiga kinanda, Mwanjelwa)*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kurithi kwaya katikati ya mwaka. Sio mbwembwe. Ni kazi, na ni ya zamani kuliko hata hiyo fimbo ya kuongozea. Mtunzi Mozart alikuwa anafanya hivyohivyo kule Vienna, konserto zake za piano (yaani tungo za piano na orkestra) zinahesabiwa 27 na nyingi alizipiga mwenyewe huku anaongoza. Ile ya 20 ilipigwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1785, baba yake alikuwepo, akamwandikia binti yake barua kwamba walipofika mnakili alikuwa bado ananakili nota na Mozart hakupata hata muda wa kuipitia sehemu ya mwisho kwa sababu alikuwa anasimamia makaratasi. Kwa hiyo siku kopi za tenori zikichelewa kutoka steshenari usilie sana.

Wa siku hizi wapo pia. Daniel Barenboim kazaliwa Buenos Aires 1942, kapiga onyesho lake la kwanza la piano ana miaka 7, baadaye akaongoza orkestra ya Chicago kuanzia 1991 mpaka 2006 na opera ya Staatsoper ya Berlin kuanzia 1992 mpaka afya ilipomlazimisha kuachia Januari 2023, na piano hakuiacha miaka yote hiyo. Vladimir Ashkenazy naye alianza na piano akaja kuongoza orkestra mpaka Sydney. Ila mimi nampenda zaidi Georg Solti, maana alianzia chini kabisa kama wewe, kwenye opera ya Budapest akiwapigia waimbaji piano wakati wa mazoezi, yaani kazi yako ya Jumatano jioni. Huyo ndo baadaye alibeba tuzo za muziki za Grammy 31 na hakuna aliyempita mpaka Beyoncé mwaka 2023.

Sasa tuje kwenye siri yao maana hapo ndo penye msaada wako. Piano linatolewa mfuniko, mkia wake unaingizwa katikati ya orkestra, mpigaji anakaa anawaangalia wanamuziki, ndo maana ukaona kawapa watu mgongo, sio dharau. Pale orkestra inapopiga peke yake mikono yake iko huru, anaongoza kawaida. Mikono ikiwa na kazi anatumia kichwa, nyusi, na zaidi ya yote pumzi, anavuta pumzi kwa kasi ileile anayotaka wimbo uanze nayo na watu wote wanavuta naye. Alafu kuna mtu wa violini za kwanza, yule anayekaa mbele kabisa, huyo anaongoza kwa upinde wake bosi akibanwa. Kwa Mozart inawezekana vizuri. Kwa mtunzi Rachmaninov ambapo piano inamtoa mtu jasho mwanzo mwisho, kwa kawaida anatafutwa kondakta wa kusimama (sio yule wa haisi za Uyole jamani, ingawa kazi zinafanana, wote wanawaambia watu lini waingie).

Kwa hiyo methali ya viongozi wako naiheshimu ila hapa haijakaa. Nenda kakigeuze hicho kinanda. Naamini kimeegemea ukutani kama makanisa yetu mengi na wewe unaimba na ukuta. Kigeuze kwaya ione uso wako. Chagua besi mmoja na soprano mmoja wenye roho ngumu, uwakalishe mahali unapowaona, wengine wawafuate hao. Besi wanakokota kwa sababu wanasubiri wakusikie ndo waingie, na ukishamsubiri mtu umsikie umeshachelewa, wanatakiwa wakuone unavuta pumzi. Mimi miaka ile nilikuwa nagonga sakafu kwa mguu mpaka mchungaji akaniita pembeni. Afadhali mguu, maana kule Ufaransa mwaka 1687 mwanamuziki wa mfalme anaitwa Lully alikuwa anagonga mapigo kwa gongo refu, akajipiga kidole cha mguu, kidonda kikaoza, akafa.

Nyumbani fanya hivi: chukua wimbo wa sauti nne, piga sauti tatu imba ya nne, kesho badilisha unayoimba. Ni zoezi gumu, wiki ya kwanza utakasirika. Ila mtu anayeliweza anaanza kusikia nani kakosea kabla hajajua kwamba anasikiliza, na kuongoza kwenyewe ni masikio hayo, mikono inakuja baadaye. Afu jirani zako Wamoraviani au Walutheri wakiwa na bendi ya tarumbeta kaa nao, waombe nota. Tarumbeta ya B flati ikisoma nota ya C inatoa sauti ya B flati, na kwenye kitabu cha kondakta wa orkestra kuna klarineti, pembe na wengine wenye tabia hiyohiyo, lazima uwasome wote kwa pamoja na ukiweza uwapige kwenye piano.

Kufika huko? Nikwambie ukweli kama baba. Kuwa mpiga piano wa kuzunguka dunia peke yake ukianza miaka 23 na kinanda cha kanisani ni ngumu sana, wale wenzetu wanaanza na miaka mitano sita. Kuongoza ni tofauti, kondakta anakomaa taratibu, wa miaka 40 bado anaitwa kijana. Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha kuna shahada ya muziki, Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries, anza kuulizia ada. Na usidhani orkestra ni lazima Ulaya, Kinshasa hapo kwa majirani Armand Diangienda, rubani wa ndege, alianzisha orkestra ya Wakimbangu mwaka 1994, akaianza na waumini wa kanisa lake. Waumini unao tayari.

*Habari mwalimu. Niko Mafinga, mwanangu wa miaka 8 anapenda sana piano. Kuna watu wanahama wanauza piano kubwa la mbao, wanasema zuri ila halijaguswa muda. Ninunue au nichukue kinanda cha umeme? (Mama J, Mafinga)*

Mama J, kwanza hongera kwa kumsikiliza mtoto. Nisingelinunua kabla fundi hajalifungua. Piano la mbao lina nyuzi kama 230 na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani 15 mpaka 20, fikiria fuso zima la mbao za hapo kwenu limening'inia ndani ya kabati. Alafu lile ubao wake unavimba masika ukisinyaa kiangazi, kwetu mvua inaanza Novemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo bila fundi wa kulikaza mara moja mbili kwa mwaka linakuwa fanicha ya kuwekea vitambaa. Fundi wa kweli huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Chukua cha umeme, ila sharti kiwe na vitufe 88 vyenye uzito, ukibonyeza usikie kama kuna kitu kinanyanyuka. Vile vidogo vya vitufe 61 vilaini mtoto anazoea vibaya, siku akikutana na piano vidole vinakuwa kama vya mgonjwa. Na umeme ukikatika muimbishe.

*Mwl, Njombe mwezi wa 6 na wa 7 misa ya alfajiri vidole vinaganda kabisa, na siku hizi kidole kidogo cha kulia kinajikunja chenyewe nikipiga. Nivae glovu? (Njombe mjini)*

Glovu vaa njiani, na chupa ya maji ya moto uishike wakati wa somo la kwanza. Anza na nyimbo za taratibu. Hicho cha kujikunja lakini sio baridi usije ukajidanganya, hasa kama hakiumi. Leon Fleisher wa Marekani vidole vyake vya mkono wa kulia vilijikunja hivyohivyo miaka ya 1960 akaendelea kulazimisha mazoezi, ikawa mbaya zaidi, karibu miaka 30 akawa anapiga kwa mkono wa kushoto tu na kuongoza orkestra, mpaka tiba ikapatikana ndo akarudi na mikono miwili. Wewe pumzisha mkono wiki hii, kamuone daktari wa mishipa ya fahamu, mwambie ni wakati wa kupiga tu. Jumapili mwachie mwingine akae.